Manabii Watatu, Reli Moja: Kusoma Hadithi na Watoto wa Thika na Ruiru

Mwalimu wa Ruiru hana haja ya kusafiri kutafuta tamaduni nyingine. Akifungua rejista ya Gredi ya 4 asubuhi na kuanza kuita majina, Kenya nzima inaitika: Wanjiru, Mutua, Achieng', Wafula, Kemunto, Chebet, Abdi. Sensa ya 2009 ilipofanywa, mji huo ulikuwa haujafikisha watu robo milioni. Sensa ya 2019 ilikuta watu 490,120, ukawa mji wa nne kwa ukubwa nchini, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Thika, mbele kidogo kwenye barabara itokayo Nairobi, ilikuwa na watu 251,407. Wengi wao walihamia. Waliletwa na kodi ya nyumba iliyo nafuu kuliko ya Nairobi, wakaletwa na barabara kuu ya Thika iliyozinduliwa mwaka 2012, na kabla ya hapo wazazi na babu zao waliletwa na kazi: kahawa, mkonge, mananasi, viwanda vya nguo, vya mafuta ya kupikia na vya kuunganisha magari. Upande wa Githurai utakuta pia familia zilizokimbia vita vya mashariki mwa Kongo. Watoto wao wamezaliwa na Kiswahili mdomoni, lakini darasani wanachekwa kwa kuwa si Kiswahili cha hapa.

Watoto hawa huketi dawati moja na kugawana mandazi wakati wa mapumziko. Hilo ni jema, lakini kuketi pamoja bado si kuelewana. Shule nyingi hulishughulikia jambo hili kwa siku ya utamaduni. Wazazi hutumiwa ujumbe: mtoto avae vazi la kwao na abebe chakula cha kwao. Ijumaa ikifika kuna shanga, leso na sketi za katani. Kuna mukimo, omena, muthokoi, na mursik kwenye kibuyu. Picha hupigwa na kutumwa kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Siku hiyo ina furaha yake, na siombi ifutwe. Ila tuangalie inafundisha nini. Inamfundisha Chebet kwamba yeye ni kibuyu cha mursik. Mtoto ambaye mamake ni Mkisii na babake Mkikuyu, na ambaye kwao hupikwa wali na ndengu kama kwa jirani, inamwambia achague upande. Wala haimwambii yeyote kwa nini mwenzake alinuna jana, anaogopa nini usiku, au nyanyake alimwambia nini kuhusu watu wa upande wa pili wa mto.

Kazi hiyo ya ndani zaidi inawezwa na hadithi. Nimefanya kazi na walimu wa lugha wa eneo hili kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo, nao ni huu: hadithi ya watoto hujenga maelewano pale inapomlazimu msomaji kufikiri kwa akili ya mhusika, na hujenga zaidi pale hadithi za jamii mbili au tatu zinapowekwa pamoja zijibu swali moja. Hadithi inayosomwa ili kuonyesha mila za watu fulani haifiki huko, na mara nyingine huacha darasa limegawanyika kuliko lilivyokuwa.

Mjadala huu una historia yake nje ya kwetu. Mwaka 1990 msomi Mmarekani Rudine Sims Bishop aliandika makala ambayo walimu wengi duniani wameifanya msingi. Alisema kitabu humfaa mtoto kama kioo, ajione. Kama dirisha, awaone wengine. Na kama mlango wa kioo wa kusukuma, aingie katika maisha yale. Alikuwa akiwatetea watoto Weusi wa Marekani, ambao vitabu vya shule viliwasahau. Nasi tulisahaulika hivyo hivyo. Vizazi vya Wakenya vilijifunza kusoma kupitia watoto wa Uingereza na majira yao ya baridi. Lakini darasa la Ruiru linaongeza jambo. Hapa, mtu anayeonekana dirishani ameketi dawati la pili. Darasa likisoma hadithi ya mtoto wa wafugaji wa Kisomali, Abdi yumo chumbani, na macho yote yanamgeukia. Mwalimu akiteleza na kumuuliza, "Abdi, ni kweli kwenu mnafanya hivi?", somo limeharibika. Abdi alizaliwa hapa hapa, mtaa wa Kimbo, hajawahi kumkama ngamia, na sasa amegeuzwa shahidi wa kabila zima.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ninayowaomba walimu waishike ni kwamba mtoto asitakiwe kuisemea jamii yake. Akijitolea mwenyewe, asikilizwe kwa heshima. Asipojitolea, maswali yaelekezwe kwa mhusika wa hadithi. Mhusika anaweza kuulizwa lolote bila kuaibika.

Waandishi wetu wa mwanzo waliiona mapema nguvu hiyo ya mhusika. East African Publishing House ilipoanza mwaka 1965, ilifungua mlango kwa wanawake walioandikia watoto. Pamela Kola alikusanya ngano za asili, na Charity Waciuma akaandika kuhusu msichana aitwaye Mweru mwaka 1966. Asenath Odaga, aliyetoka Nyanza, alimchukua mvulana aitwaye Kip, jina ambalo Mkenya yeyote atalinasibisha na Bonde la Ufa, akampeleka shambani, pwani na mjini katika vitabu vya miaka ya 1970. Barbara Kimenye, aliyeishi Uganda na Kenya, alianza kuchapisha visa vya Moses katika miaka ya 1960, vya mvulana wa shule ya bweni asiyekosa kashfa kila muhula. Watoto wa Afrika Mashariki walimpenda Moses kwa sababu ya ujanja wake na hofu yake ya kukamatwa. Walimjua kwanza kama mtu, na mengine yakafuata. Huo ndio mpangilio ninaoutafuta ninapomchagulia mwalimu kitabu: mhusika anataka kitu, kuna kinachomzuia, na uamuzi wake una gharama. Kitabu ambacho mhusika wake hana tamaa wala woga, kazi yake ni kutembezwa tu kutoka kwenye harusi hadi kwenye mavuno, hicho ni maonyesho yaliyochapishwa.

Nieleze somo moja kwa karibu, kwa sababu ndilo lililonifanya niamini nguvu ya kuweka hadithi pamoja. Lilikuwa darasa la Gredi ya 5 katika shule moja ya Ruiru isiyo mbali na reli, kiasi kwamba treni ya abiria ikipita mwalimu hunyamaza kidogo. Mwalimu aliandika ubaoni swali moja tu: ni nani aliyeiona reli kabla haijajengwa?

Mvulana mmoja alinyanyuka upesi. "Ni Syokimau, mwalimu. Susu aliniambia." Akasimulia habari za mwanamke mtabiri wa Ukambani aliyeona nyoka mrefu akija kutoka baharini, na watu wa ngozi ya ajabu waliobeba moto mifukoni. Kabla hajaketi, msichana wa safu ya nyuma alipinga. "Si yeye. Ni Mugo wa Kibiru. Cucu anasema alikuwa wa kwetu." Akaeleza kuhusu mtabiri wa Wakikuyu ambaye habari zake Jomo Kenyatta aliziandika katika kitabu chake cha 1938: wageni wenye rangi kama ya vyura wadogo, mavazi kama mabawa ya kipepeo, na nyoka wa chuma atemaye moto. Darasa likaanza kugawanyika. Waliomwita nyanya yao susu wakasimama na Syokimau, waliomwita cucu wakasimama na Mugo. Kisha sauti ya tatu ikatoka pembeni, ya msichana ambaye nyanyake, kogo wake, yuko Kapsabet: kuna Kimnyole pia, orkoiyot, yaani kiongozi mtabiri wa Wanandi, aliyesema nyoka huyo angetoka kwenye maji ya mashariki aje kukata kiu kwenye ziwa la magharibi.

Mwalimu mwingine angetoa hukumu, au angesema yote ni imani za zamani na kufungua ukurasa wa sarufi. Huyu alichora jedwali lenye safu tatu. Nani alitabiri? Aliona nini hasa? Watu wake walimfanya nini? Kisha akatoa tarehe. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na ziwani mwaka 1901. Tawi la kuja Thika, linalopita hapa Ruiru, lilifunguliwa mwaka 1913. Kimnyole aliuawa na watu wake mwenyewe karibu na mwaka 1890, na mwanawe Koitalel arap Samoei, aliyeongoza vita dhidi ya wajenzi wa reli hiyo na watawala wao, aliuawa na afisa Mwingereza mwaka 1905.

Watoto waliangalia jedwali. Swali la mwisho lilikuwa: kwa nini jamii tatu zinasimulia jambo lile lile? Mmoja alijibu kwamba reli ilipita kwao wote. Mwingine akasema, baada ya kufikiri, "Kila watu walitaka mtu wa kwao awe ndiye aliyejua." Wa tatu aliuliza iwapo Wanandi walijuta baada ya kumuua Kimnyole. Hakuna aliyegeuka kumtazama msichana wa Kapsabet. Walikuwa wanatazama safu ya tatu ya jedwali.

Ninalichambua somo hili kwa sababu utaratibu wake unaweza kurudiwa popote. Kwanza, swali lilihusu kitu wanachokijua wote, reli wanayoisikia kila siku. Pili, ujuzi ulitoka kwa wazee wa nyumbani, na kila mzee alipata heshima sawa ubaoni. Tatu, mwalimu alileta historia iliyothibitishwa bila kuitumia kuzifedhehesha hadithi. Nne, mazungumzo yalihama kutoka "ya kwetu ni ya kweli" hadi "kwa nini watu husimulia hivi?" Hatua hiyo ya nne ndiyo maelewano yenyewe. Mtoto aliyegundua kwamba jirani yake ana sababu ile ile ya kujivunia nabii wake hahitaji kuhubiriwa kuhusu umoja.

Hadithi nyingine ni ngumu zaidi, na hatuna budi kuzikabili. Ngano zetu za jadi zimebeba uadui wa zamani. Mkikuyu wa ngano huvamiwa na Mmaasai, Mjaluo hupigana na Lang'o, yaani jirani Mkalenjin, na kila jamii ina zimwi ambalo, kwa sadfa, hukaa upande wa majirani. Walimu wengi huzikwepa au huzisafisha hadi zikose ladha. Nawaelewa. Kumbukumbu ya machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 haijafutika: watu zaidi ya 1,100 waliuawa na zaidi ya laki sita wakahama makwao. Kaunti hii ya Kiambu iliguswa pande zote mbili. Waliofukuzwa Bonde la Ufa walikimbilia huku, na wakati huo huo wapangaji wenye asili ya magharibi mwa Kenya walitimuliwa katika sehemu za Kiambu. Watoto wa sasa hawakuwa wamezaliwa, lakini wazazi wao walikuwepo, na nyumbani mambo husemwa. Serikali ilianzisha mpango wa elimu ya amani mwaka 2008 na kuutungia sera mwaka 2014. Sera inaeleza lengo. Mwalimu ndiye hubaki na ngano yenye uadui mkononi.

Chukua Luanda Magere. Waluo wanasimulia shujaa mwenye mwili wa jiwe ambaye mkuki haukumwingia. Adui zake, Lang'o, wakampa binti mrembo awe mke wake. Siku moja akiwa mgonjwa, Magere alimwambia mkewe achanje kivuli chake ili kumtibu, na damu ikatoka. Binti akatoroka usiku, akapeleka siri kwao. Vita vilivyofuata, mkuki ulipigwa kivulini na shujaa akaanguka. Ikisomwa peke yake katika darasa lenye Achieng' na Chebet, hadithi hii ina msaliti, na msaliti ana kabila.

Sasa iweke karibu na Fumo Liyongo wa pwani ya Lamu na Pate. Naye hakuweza kuuawa kwa silaha ya kawaida. Siri yake, sindano ya shaba kitovuni, aliijua yeye tu, hadi mwanawe alipotumwa kumuuliza baada ya kuahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Mwana alimchoma babake akiwa usingizini, na kile alichoahidiwa hakukipata. Watoto waendao kanisani wataongeza Samsoni na nywele zake bila kuambiwa. Ghafla tuna mashujaa watatu wa mataifa matatu, na wote wameangushwa na mtu wa nyumbani mwao. Kabila limeacha kueleza jambo. Inabidi tutafute maelezo mengine: ahadi, hofu, utii kwa wazazi, upweke wa mtu aliyetumwa.

Hapo mwalimu anaweza kuwapa watoto kazi ya kuandika: binti yule anamwandikia mamake barua usiku kabla hajatoroka. Nimesoma barua za aina hiyo. Baadhi zinampa ushujaa, maana kwao aliokoa watu wake. Baadhi zinamwonyesha akilia kwa sababu mgonjwa alimwamini. Moja, ya msichana wa miaka kama kumi na mmoja, ilisema kwamba hakuna aliyemuuliza kama alitaka kuolewa, si huku wala kule. Mtoto huyo aliona kitu ambacho hadithi imekificha kwa miaka mingi: binti alitumiwa na pande zote mbili. Nilipoisoma nilijua kwamba hakuna hotuba ya uwiano ambayo ingemfikisha hapo.

Kwa madarasa ya juu, Gredi ya 7 hadi ya 9, Thika yenyewe ina mfano wa kipekee. Kitabu kilichoutangaza mji huu duniani kiliandikwa na Elspeth Huxley mwaka 1959, The Flame Trees of Thika, kumbukumbu za msichana wa Kizungu aliyeletwa hapa na wazazi wake muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1981 kikafanywa tamthilia ya televisheni. Watoto wengi wa Thika hawajawahi kukisikia. Kisome kidogo nao, kisha uweke karibu kitabu cha Meja Mwangi kilichotoka mwaka 1990 kwa jina Little White Man na baadaye kikaitwa The Mzungu Boy. Humo tunaona shamba la mlowezi katika miaka ya Mau Mau kupitia macho ya Kariuki, mtoto wa mpishi, na urafiki wake na Nigel, mvulana aliyetoka Uingereza. Nchi ni ile ile, na wote wawili ni watoto wanaotazama. Waulize wanafunzi: nani ana jina na nani anaitwa kwa kazi yake? Nani anaingia sebuleni na nani anabaki jikoni? Nani anajua jambo ambalo mwenzake hawezi kulijua? Huxley aliipenda ardhi hii kwa dhati, na hilo lisemwe. Lakini mtoto wa mtaa wa Makongeni, Thika, ana haki ya kujua kwamba mji wake ulisimuliwa kutoka verandani, na kwamba simulizi ya jikoni nayo imeandikwa.

Suala la lugha haliwezi kuachwa nje. Tangu ripoti ya elimu ya Gachathi ya 1976, sera imekuwa kwamba watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na miji yenye mchanganyiko itumie Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali ilinde na kukuza lugha zote za Wakenya. Ruiru na Thika zinahitaji mambo hayo mawili kwa pamoja. Kiswahili ndicho uwanja wa kukutania, ambapo mtoto wa Kikamba na wa Kiluo wanasimama sawa. Lakini hadithi iliyotoka kwa susu hupoteza kitu ikisimuliwa kana kwamba Kikamba hakikuwapo. Mwache mtoto aseme wimbo wa hadithi kwa lugha ya nyanyake, kisha awaeleze wenzake kwa Kiswahili. Atakuwa mwalimu kwa dakika mbili, na waliozoea kucheka lafudhi yake watakuwa wanafunzi wake.

Kaunti hii ina kielelezo chake. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Kamiriithu, Limuru, mwaka 1938 na kufariki Mei 2025, aliwaandikia watoto visa vya Njamba Nene kwa Kikuyu katika miaka ya 1980. Mwaka 2016 kundi la waandishi la Jalada lilichapisha ngano yake fupi, Ituĩka Rĩa Mũrũngarũ, inayoeleza kwa nini binadamu hutembea wima, baada ya mikono na miguu kushindana kuhusu nani mkubwa. Ilitoka pamoja na tafsiri katika lugha zaidi ya 30, zikiwemo Kiswahili, Dholuo, Kikamba na Kisomali, na baadaye lugha hizo zikafika takriban 100. Ngano hiyo ni kama iliandikwa kwa ajili ya darasa la Ruiru. Watoto wanne wanaweza kuusoma mwanzo wake kwa lugha nne, wengine wakifuatilia kwa Kiswahili. Kwa madarasa ya chini upo mkusanyiko wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini na kuzinduliwa mwaka 2014, ambako hadithi moja yenye picha zile zile hupatikana bure katika lugha nyingi za Kenya, na mwalimu anaruhusiwa kuitafsiri na kuibadilisha. Mzazi wa Githurai aliyetoka Bukavu, Kongo, anaweza kuombwa aisome kwa Kiswahili cha kwao. Mwanawe akimsikia mamake akisomea darasa zima, heshima aliyonyang'anywa kwa vicheko itaanza kurudi.

Najua mapingamizi, kwa sababu nayasikia kila warsha. La kwanza ni muda. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umebeba mengi. Lakini mtaala huo huo una kipengele cha kusoma kwa mapana katika Kiswahili, una uraia miongoni mwa umilisi wake wa kimsingi, na unataja upendo, heshima, umoja na amani kati ya maadili yake. Mwalimu anayeweka hadithi mbili pamoja anafundisha kile mtaala ulichomtaka afundishe, na anaweza kukiandika kwenye andalio lake la somo bila hofu. Kipindi kimoja kila wiki mbili kinatosha kuanza.

La pili ni vitabu, na hili ni kweli tupu. Fedha za serikali hununua vitabu vya kiada. Vya ziada hubaki mzigo wa mzazi, na tangu sheria ya mwaka 2013 vitabu vinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Kumtoza kodi mzazi wa mtaa wa mabanda wa Kiandutu, Thika, kwa kitabu cha hadithi ni kosa, na wabunge wanaoliwakilisha eneo hili wanapaswa kulisema hivyo. Hata hivyo nakala moja si kizuizi cha kusoma. Thika ina shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, inayopokea watoto kutoka pembe zote za nchi. Kitabu kimoja kikiwekwa katika Breli hugeuka mabuku kadhaa mazito, kwa hiyo nakala haziwezi kuwa nyingi. Mmoja akisoma kwa vidole na kwa sauti, na wengine wakisikiliza, hadithi inawafikia wote. Darasa lenye watoto themanini la Githurai linaweza kuiga njia hiyo kesho asubuhi. Hadithi ya kusomwa kwa sauti inasikika hadi dawati la mwisho, na kila mtoto anaipata kwa wakati mmoja na mwenzake.

La tatu ni wazazi. Wako wanaoogopa kwamba habari za manabii na mazimwi ni ushirikina, na wako wanaohofia kwamba kutaja makabila ni kuchochea ukabila. Wote wanastahili jibu la adabu. Njia iliyofaulu zaidi niliyoiona ni kuwashirikisha mapema: swali la wiki hupelekwa nyumbani, mtoto anampigia guka, yaani babu, simu ushago, na jibu linarudi shuleni. Mzazi ambaye babake amenukuliwa ubaoni huacha kuliogopa somo. Na ukabila haukuanza kwa kutajwa darasani. Tayari unatajwa kwenye matatu, sokoni na kwenye vikao vya familia. Darasani angalau yupo mtu mzima wa kuuliza, "Umejuaje?"

La nne husemwa kwa sauti ya chini, na mwalimu mwenyewe: mimi sizijui mila za watoto wote hawa. Hatakiwi kuzijua. Anatakiwa ajue kuuliza maswali matatu: mhusika alitaka nini, aliogopa nini, na wewe ungefanya nini ukiwa mahali pake? Maswali hayo yanamfaa Magere na yanamfaa Moses, na mtoto wa jamii yoyote anaweza kuyajibu bila kuvaa vazi la kwao.

Atajuaje kwamba kazi inazaa matunda? Asitegemee alama za mtihani. Asikilize sentensi za watoto. Mwanzoni mwa muhula nyingi huanza na "wao huwa": wao huwa wakali, wao huwa wanapenda pesa. Hadithi zikifanya kazi, sentensi hizo hupungua na nyingine huongezeka: yeye alifanya hivi kwa sababu. Mabadiliko hayo ni madogo kusikika lakini ni makubwa kwa maana. Mtoto aliyezoea kutafuta sababu ya mtu mmoja ni mgumu kumwingiza kwenye chuki ya watu wote.

Agosti 2027 Wakenya watapiga kura tena. Watoto wa Gredi ya 5 wa Thika na Ruiru hawatakuwa kwenye foleni, ila watakuwa nyumbani wakisikiliza watu wazima wakisemana. Walimu wakuu wa eneo hili, kila mmoja achague hadithi mbili za jamii mbili zinazojibu swali moja, na azisomeshe kabla ya muhula huu kwisha. Wachapishaji watoe mikusanyo iliyopangwa kwa maswali, badala ya kumpa kila kabila kijitabu chake. Kaunti ya Kiambu inunulie maktaba ya Thika na shule za Ruiru vitabu vya ziada kwa lugha za watoto waliomo. Watoto watakaosikiliza kampeni za uchaguzi huo wakiwa wamezoea kuuliza "kwa sababu gani?" watakuwa wamepata kinga ambayo wazazi wao hawakupewa shuleni, na sisi tuliosomea kazi hii hatutakuwa na kisingizio tukiwanyima.